Rika la Simu: Uaminifu wa Vijana Mashabiki katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Mwaka 1962, taifa letu lilipokuwa bado changa, Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Watu wengi hulikumbuka neno la kwanza katika jina la wizara hiyo, wakalisahau la mwisho. Sisi tunaona kwamba kuunganishwa kwa maneno hayo hakukuwa jambo la kubahatisha. Utamaduni usiopokelewa na vijana hufa pamoja na wazee wake. Na vijana wasiorithishwa utamaduni hujitungia wa kwao, kwa chombo chochote walicho nacho mkononi. Leo chombo hicho ni simu. Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki utamaduni mmoja ambao vijana wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanajitungia kwa chombo hicho, nao ni utamaduni wa ushabiki. Twaomba ieleweke tangu mwanzo kwamba kuhakiki si kulaani. Mhakiki hupepeta, pumba huzitenga, na punje huziweka.

Kwanza tueleze tunachokizungumzia. Shabiki wa zamani alikwenda uwanjani au ukumbini, akashangilia, akarudi nyumbani kwake. Shabiki wa leo haondoki uwanjani. Alfajiri, kabla hajanawa uso, hufungua simu aone wenzake wamesema nini usiku. Yumo katika kundi la WhatsApp la wapenzi wa Simba au la wapenzi wa Yanga. Aghalabu yumo pia katika kundi la wapenzi wa mwanamuziki fulani, ambao hujiita timu yake. Katika miji ya Tarime na Mugumu, katika machimbo ya Nyamongo na pale Sirari mpakani, tumewakuta vijana ambao hawajapata kuikanyaga Dar es Salaam, lakini huzungumza habari za Msimbazi na Jangwani kana kwamba kitovu chao kimezikwa huko. Wana majina yao, rangi zao, salamu zao, miiko yao na adhabu zao. Watu wenye mambo hayo matano wamekwisha kuwa jumuiya, na kila jumuiya ina maadili yanayoweza kupimwa.

Wenyeji wa wilaya hizi hawakuanza jana kuyafikiri mambo ya uaminifu. Wakurya wana taratibu mbili za kuwapanga watu. Ya kwanza ni irikora, yaani tabaka la kizazi, ambalo mtu hulipata kwa kuzaliwa, akifuata la baba yake. Ya pili ni esaro, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja, ambalo mtu hulipata kwa msimu wake. Katika Serengeti, miongoni mwa Wanata, Waikoma, Waisenye na Wangoreme, ziko pia taratibu za rika zijulikanazo kwa jina la saiga. Rika lilimpa kijana vitu vitatu: jina la kujivunia, wenzi wa kumlinda, na wajibu wa kutimiza. Waliocheza pamoja walilinda ng'ombe pamoja, na waliokula pamoja walizikana.

Ukiutazama ushabiki wa leo kwa macho ya mtu aliyezijua taratibu hizo, utaona kwamba vijana wamezirudia bila kufundishwa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Vizazi kadhaa vimekwisha kupita, na sasa mtoto hurithi klabu kwa baba yake, akaipata kwa kuzaliwa kama anavyoipata irikora. Ukimwuliza kwa nini ni wa Yanga, atakujibu kwamba nyumba yao yote ni ya Yanga, na kwake hilo ni jibu kamili. Timu za wanamuziki, kwa upande mwingine, hufanana na esaro. Waliokuwa shuleni wakati Timu Kiba na Timu Diamond zilipokuwa zikivutana mitandaoni, katika miaka ya 2010, hujuana hata leo kwa mavutano yale. Wadogo zao wana wanamuziki wao na mavutano yao. Hivyo kijana mmoja ana uaminifu wa kurithi na uaminifu wa msimu, sawasawa na babu yake.

Lakini iko tofauti moja kubwa, nayo ndiyo jambo la kwanza tunalolisifu. Rika la jadi lilikaa ndani ya ukoo, na ukoo ulikuwa na mipaka. Historia ya Tarime ina kurasa za huzuni za mapigano ya koo, mapigano yaliyochoma nyumba na kumwaga damu, na Serikali ililazimika kuweka Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya. Uaminifu ndio uliowapeleka vijana katika mapigano hayo. Yowe lilipopigwa, kijana hakuuliza nani mwenye haki. Aliuliza tu wenzake wako wapi. Sasa, katika kibanda umiza, pale mechi zinapooneshwa kwa kiingilio kidogo, vijana wa koo mbili tofauti hukaa benchi moja wakiwa wamevaa jezi ya rangi moja. Wakafurahi kwa bao moja, wakahuzunika kwa bao moja. Ushabiki haukuzimaliza koo, wala hatudai hivyo. Lakini umewapa vijana sababu ya pili ya kujuana, na mtu mwenye sababu mbili za kujuana na jirani yake hufikiri mara mbili kabla ya kuokota panga.

Tumeshuhudia pia kwamba uaminifu huu unaweza kubeba mzigo. Katika kijiji kimoja cha Serengeti, kijana mwendesha bodaboda alifariki katika ajali. Alikuwa shabiki kindakindaki wa Simba. Kabla ukoo wake haujamaliza kupelekeana habari, kundi la wenzake lilikuwa limekwisha kuchanga fedha za sanda na jeneza kwa njia ya simu. Siku ya mazishi walikuja wamevaa nyekundu. Lililotugusa zaidi ni kwamba wapenzi wa Yanga wa kijiji hicho nao walikuja, wamevaa njano na kijani, nao ndio waliochimba kaburi. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nasi alisema kwamba hapo sasa amewaelewa vijana hawa. Nasi tuliwaelewa.

Wanafunzi wetu wasidhani kwamba haya ni mageni katika nchi yetu. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya mwambao mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi bara, iligawa wachezaji na wapenzi wake katika pande mbili mashuhuri, Marini na Arinoti. Walishindana kwa mavazi, kwa vyeo vya kuigiza na kwa nyimbo za kejeli. Lakini mwanachama alipougua au kufa, upande wake ulimtunza na kumzika. Jirani zetu Wasukuma wana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyofuatisha majina ya Ngika na Gumha, waganga mashuhuri wa karne ya 19. Vyama hivyo hucheza siku moja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Mwaka 2020 ilipotangazwa kwamba nyimbo za Diamond Platnumz zimetazamwa mara bilioni 1 katika YouTube, wapenzi wake walishangilia kama Bagalu wanavyoshangilia umati unapowaelekea. Kipimo ni kile kile cha kuhesabu macho ya watu. Kilichobadilika ni uwanja.

Tukiisha kusifu, hatuna budi kuhakiki, na mahali pa kuanzia ni lugha. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Neno hili utani si neno dogo. Katika utani wa makabila yetu, mtani aliruhusiwa kukutania mbele ya wakwe, kukunyang'anya kuku wako, hata kuigiza maiti wako msibani. Lakini ruhusa hiyo ilinunuliwa kwa wajibu. Mtani yule yule aliyekucheka ndiye aliyefanya kazi nzito siku ya msiba wako. Utani ulikuwa na sura mbili, ya kejeli na ya huduma, na aliyechukua moja akaiacha nyingine alihesabiwa kuwa mtu mkorofi. Wapenzi wa Yanga huwaita wa Simba makolo, na wapenzi wa Simba huwaita wa Yanga utopolo. Majina hayo yanachekesha, na wenyewe huyacheka. Pale kijijini Serengeti, walioitana hivyo Jumamosi walichimbiana kaburi Jumatatu. Huo ni utani halali.

Matatizo huanza pale mtani anapokuwa mtu asiyeonekana. Anayekutukana kutoka mji usioujua, kwa jina lisilo lake, hana siku ya kuja kuchimba kaburi lenu. Amechukua ruhusa ya utani bila kulipa bei yake. Hapo kejeli humomonyoka na kuwa tusi, na tusi huchukuliwa kuwa ndicho kipimo cha mapenzi. Anayetukana zaidi huhesabiwa kuwa mwaminifu zaidi. Sisi tuliolelewa na majibizano ya mashairi magazetini tunaijua tofauti. Malenga alimshambulia mwenzake kwa vina na mizani, na ilimbidi kwanza amsome vizuri, amwelewe, ndipo amjibu. Sanaa yenyewe ilimfunga breki. Tusi la simu halina vina wala mizani, na halihitaji kumsoma mtu.

Lugha ya vijana imetoa pia neno jingine linalostahili kuhakikiwa, nalo ni chawa. Zamani chawa alikuwa mdudu wa nguo. Siku hizi ni mtu anayejibandika kwa tajiri, kwa msanii au kwa mkubwa, akimsifu mchana na usiku ili apate riziki. Na kazi hiyo huitwa uchawa. Wako wanaoona aibu wakiitwa hivyo, na wako wanaojitangaza wenyewe. Sisi tunalipenda neno hili kwa ukali wake, maana limetenga mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa. Shabiki hutoa: hutoa muda, sauti, nauli na bando lake. Chawa hupokea. Kwa mbali wote wawili wanaonekana wakiimba wimbo mmoja. Ukitaka kuwajua, ngoja mwenye kusifiwa aanguke, kisha hesabu waliobaki.

Hata hivyo, shabiki wa kweli naye hana budi kujiuliza swali moja. Mwaka 2019 Harmonize aliondoka katika kampuni ya Wasafi iliyomkuza, akajenga ya kwake. Mwaka 2021 Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba, alihamia Yanga. Wachezaji huvuka kutoka klabu moja hadi nyingine kila msimu. Hatuwalaumu, mtu ana haki ya kubadili kazi na mwajiri. Tunachouliza ni hiki: ikiwa wanaosifiwa wana uhuru wa kuhama, kwa nini wanaosifu hawana?

Swali hilo si la mzaha, kwani tumeona madhara yake. Msichana mmoja wa kidato cha pili, katika mji mmoja wa wilaya hizi ambao hatutautaja, aliandika katika kundi la wenzake kwamba amechoka na timu yao ya muziki, na kwamba nyimbo za upande wa pili sasa zinampendeza zaidi. Lilikuwa jambo la ladha tu, kama mtu kusema amechoka na mihogo. Jioni hiyo alitolewa katika kundi. Usiku picha yake ilisambazwa ikiwa imeandikwa maneno ambayo kalamu yetu haiwezi kuyarudia. Asubuhi darasa zima lilikuwa limekwisha kuiona. Alikaa nyumbani wiki nzima. Waliomfanyia hivyo hawakuwa wahuni. Walikuwa watoto wenye adabu, na kila mmoja aliamini kwamba anatimiza uaminifu.

Tulipokisikia kisa hicho tulikumbuka neno la zamani zaidi. Kwa Wakurya, binti asiyekeketwa huitwa msagane. Neno hilo limekuwa likirushwa kama jiwe kisimani, shambani na njiani kuelekea shuleni. Wako mabinti waliokwenda kukeketwa bila kuburutwa na mtu. Waliburutwa na neno. Waliogopa kubaki nje ya rika. Sheria ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lakini sheria husimama mahakamani, na neno husimama mlangoni. Hapa ndipo tunapoiona sura ya pili ya uaminifu wa rika, sura ambayo sisi wapenzi wa mila tumekuwa wazito kuitaja. Rika lililomlinda mtu aliyekubali ndilo lililomwadhibu mtu aliyekataa. Adhabu ya msichana yule wa kidato cha pili ni ndogo mno ikilinganishwa na kisu, nasi hatuthubutu kuzilinganisha. Lakini mzizi ni mmoja: kundi lisilojua kumwacha mtu aseme hapana.

Wapo mabinti waliosema hapana. Kila msimu wa Desemba unapokaribia, baadhi yao hukimbia usiku na kufika katika nyumba salama, kama ile ya Masanga katika Wilaya ya Tarime na ile ya Mugumu katika Wilaya ya Serengeti. Katika macho ya rika wamekuwa wasaliti. Katika macho yetu wameonesha uaminifu wa ngazi ya juu zaidi, yaani uaminifu kwa nafsi, kwa elimu, na kwa mabinti watakaokuja baada yao. Na hapa simu ile ile tuliyoilaumu inarudi na sura nyingine. Tangu mwaka 2015, watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, katika mpango uitwao Crowd2Map Tanzania, wamekuwa wakichora ramani za vijiji vyetu kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani. Njia, nyumba na vijito ambavyo havikuwa katika ramani yoyote vimewekwa humo. Ramani hizo zimewasaidia watu wa nyumba salama kufika usiku mahali anapongojea binti aliye hatarini. Wengi wa wachoraji hao hawajapata kuonana, wala hawataiona Serengeti. Hawana jezi, hawana wimbo, na hakuna anayeadhibiwa akiacha. Hata hivyo wanarudi tena na tena kuchora. Huo nao ni uaminifu wa watu waliokutana mtandaoni, na umebeba mzigo usio wao.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mzigo ulio wetu. Mkoa wa Mara ulikuwa na timu yake katika Ligi Kuu, nayo ni Biashara United ya Musoma, iliyoitwa Wanajeshi wa Mpakani. Ilipanda mwaka 2018. Msimu wa 2020/21 ilimaliza ya nne, na kwa ajili hiyo ikacheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2 kwa 0. Kisha ikashindwa kusafiri kwa mechi ya marudiano, ikatolewa bila kufungwa. Msimu huo huo ukaishia kwa timu kushuka daraja. Hatusemi kwamba mashabiki ndio waliokuwa na wajibu wa kuikodia timu ndege. Tunasema tu kwamba siku hizo, katika simu za vijana wa Tarime na Mugumu, tuliona mabishano marefu juu ya Msimbazi na Jangwani, na juu ya timu ya mkoa wao tuliona kimya. Mwenye mapenzi makubwa kwa cha mbali na asiyekijua cha karibu anafanana na mtu anayemwagilia bustani ya jirani huku mihogo yake ikikauka.

Basi mwalimu afanye nini? Wako wanaopendekeza simu zinyang'anywe na makundi yapigwe marufuku. Sisi hatuoni kwamba dawa iko huko. Rika likifukuzwa uani hukutana kichakani. Tunapendekeza mwalimu wa Kiswahili auingize ushabiki darasani kama anavyoingiza methali na ngano. Awaambie wanafunzi wakusanye majina wanayoitana, kisha wayatenge: lipi ni utani na lipi ni tusi, na kwa nini. Awaambie wajibizane juu ya timu zao kwa beti zenye vina, waone kama hasira itavuka mizani ya kwanza. Awatume kwa wazee wa Kikurya, Kiikoma na Kingoreme wakaulize rika lilidai nini na lilitoa nini. Nao wazee wasifiche yale yaliyoumiza. Mwisho awaulize maswali mawili, na kila mmoja ayajibu kwa siri ya moyo wake. Kundi lako limewahi kumbebea nani mzigo? Na mtu akisema hapana katika kundi lako, hupatwa na nini?

Kwa maoni yetu, maswali hayo mawili yanatosha kupimia uaminifu wowote, uwe wa ukoo, wa klabu, wa msanii au wa chama. Sisi wenyewe tuliyafunga katika ubeti mmoja, tuliomwandikia msichana yule wa kidato cha pili aliporudi shuleni:

Rika si rangi kuvaa, wala jina kulitaja,
Ni kushiriki balaa, mzigo kuwa mmoja,
Mwenzi akitukataa, asitwezwe kwa vioja,
Uaminifu hujaa, penye hiari na haja.

Tumeambiwa kwamba aliunakili katika daftari lake, na kwamba wawili kati ya wale waliomtoa katika kundi walikuja kumwomba waunakili nao. Vijana hawa wanajua kupenda, wanajua kuchanga, wanajua kuzikana. Kazi iliyobaki kwetu sisi wakubwa ni kuwafundisha pia kumwachia mwenzao mlango wazi, na kuujifunza ujuzi huo pamoja nao, kwa kuwa sisi wenyewe hatukufundishwa.